Vipimo vya Sukari: Kwa Nini Kimoja Husema Iko na Kingine Husema Haiko?



Ugonjwa wa sukari si wa matajiri wa mjini tu. Uko vijijini mwetu, na pengine uko ndani ya kikundi chenu. Mwezi wa Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii hapa Kenya walianza kupewa mikoba yenye mashine ya kupima sukari, na tangu hapo watu wengi wametobolewa kidole pale pale nyumbani. Hilo ni jambo jema. Lakini pia limeleta maswali. Utasikia mama akisema: "Mimi nilipimwa mkojo nikaambiwa sukari haiko. Wiki iliyofuata nikatobolewa kidole nikaambiwa iko. Sasa nani ananidanganya?"

Hakuna anayekudanganya, mama. Kila kipimo huiuliza sukari swali lake, na sukari hujibu kulingana na anayeuliza. Tukijua kipimo gani kinauliza nini, hatutaogopa bure, wala hatutajifariji bure. Wacha tuanze na sukari yenyewe.

SUKARI SI MOJA

Dukani tunajua sukari moja, ile ya kutia kwenye chai. Lakini sukari ni ukoo mzima. Sukari rahisi ni zile za chembe moja. Glukosi ndiyo inayozunguka katika damu, na ndiyo ile ya unga mweupe unaouzwa kwa pakiti. Fruktosi iko katika matunda na asali.

Sukari nyingine ni mbili zilizoshikana. Sukari ya chai huitwa sukrosi, nayo ni glukosi moja imeshikana na fruktosi moja. Sukari ya maziwa huitwa laktosi. Wanga wa ugali, viazi na ndizi ni glukosi nyingi zilizofungwa kwa mnyororo mrefu. Ndiyo maana ugali hauna utamu mdomoni, lakini ukifika tumboni unakatwakatwa na kuwa glukosi.

Mtu mzima mwenye afya ana lita 5 hivi za damu. Glukosi yote iliyomo humo, kabla hajala asubuhi, ni gramu 4 au 5 tu, yaani kijiko kimoja cha chai. Mwili unachunga kijiko hicho usiku na mchana. Ugonjwa wa sukari ni pale ulinzi huo unaposhindwa.

KUOKSIDISHA MAANA YAKE NINI?

Kuni zikiungua, zinaungana na oksijeni ya hewa. Jembe likipata kutu, nalo linaungana na oksijeni, ila polepole. Mambo haya mawili ni ya aina moja, nayo huitwa kuoksidisha. Kitu kinachooksidishwa hunyang'anywa vijichembe vidogo sana vya umeme viitwavyo elektroni. Kile kinachonyang'anya huitwa kioksidishaji.

Vioksidishaji havilingani nguvu. Vingine huchukua kidogo tu kwa sukari na kuiacha karibu nzima. Vingine huiteketeza yote. Mwili wako ni wa aina ya pili. Kwa msaada wa oksijeni unayovuta, mwili huunguza glukosi hatua kwa hatua, bila moto, mpaka inabaki hewa ya kaboni dioksaidi unayoitoa puani na maji. Gramu 100 za glukosi zikiungua zote hutoa gramu 60 za maji. Nguvu inayotoka hapo ndiyo inayokuwezesha kulima na kubeba mtungi.

Mgonjwa wa sukari ana shida hapa. Glukosi imejaa kwenye damu, lakini haiingii vizuri kwenye chembe za mwili ili iunguzwe. Ni kama mtu mwenye rundo la kuni nje ya nyumba na mlango umefungwa, huku ndani watoto wanatetemeka kwa baridi. Kwa hiyo anachoka, anakonda, ana kiu na anakojoa mara kwa mara.

Vipimo vyote tutakavyovitaja hutumia tabia hiyo moja: sukari hukubali kunyang'anywa elektroni.

KIPIMO CHA SHABA

Zamani madaktari waliuonja mkojo kwa ulimi. Mwaka 1776 daktari mmoja wa Liverpool, Uingereza, jina lake Matthew Dobson, alichemsha mkojo wa mgonjwa mpaka maji yakaisha, akabaki na kitu cheupe chenye utamu wa sukari. Mwaka 1849 Mjerumani Hermann von Fehling alieleza jinsi ya kupima sukari kwa kutumia shaba nyekundu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani Stanley Benedict akairekebisha dawa hiyo, na mpaka leo watoto wetu wa sekondari wanaijua kwa jina la Benedict.

Dawa ya Benedict ina vitu vitatu. Cha kwanza ni mrututu, lile jiwe la buluu lenye shaba ambalo wakulima hulitumia kwa dawa za ukungu wa mimea. Cha pili ni soda ya kuoshea, ndugu wa magadi yetu. Cha tatu ni chumvi ya asidi ya ndimu, ambayo kazi yake ni kuzuia shaba isigande na kuzama kabla ya wakati. Katika lita moja mna gramu 17.3 za mrututu, gramu 100 za soda na gramu 173 za hiyo chumvi. Tunataja vipimo ili mjue hakuna uchawi ndani yake. Msijaribu kuitengeneza jikoni, maana mrututu ni sumu.

Katika maabara huwekwa mililita 5 za dawa na matone 8 ya mkojo ndani ya kichupa kirefu cha kioo. Kichupa husimamishwa ndani ya maji yanayochemka kwa dakika 5. Kisha rangi hutazamwa hivi:

Buluu: sukari haikuonekana.
Kijani: iko kidogo.
Manjano: imezidi.
Rangi ya chungwa: ni nyingi.
Nyekundu ya matofali: ni nyingi sana, karibu gramu 2 au zaidi katika kila mililita 100 za mkojo.

Kwa nini rangi hugeuka? Kila sukari rahisi ina mahali pake pa kunyang'anywa. Tupaite kichwa. Shaba ya buluu huchukua elektroni kutoka kichwani mwa sukari, nayo hugeuka kuwa unga mwekundu unaozama chini. Sukari haikuteketea. Imeguswa kichwa tu na kuwa asidi.

SHABA HAICHAGUI

Hapa ndipo wengi hukosea. Shaba haiulizi, "Je, wewe ni glukosi?" Inauliza tu, "Je, kichwa chako kiko wazi?" Sukari yoyote yenye kichwa wazi itajibu ndiyo. Hata fruktosi, ambayo kichwa chake kimekaa vingine, hujibu ndiyo, kwa sababu ile soda huisaidia kujigeuza.

Kwa hiyo angalieni mambo haya:

1. Mama mwenye mimba kubwa au anayenyonyesha anaweza kuwa na sukari ya maziwa kwenye mkojo. Benedict itageuka rangi na huenda mama hana ugonjwa wowote. Apimwe damu kabla hajaambiwa ana kisukari.

2. Mtu anayemeza vidonge vingi vya vitamini C anaweza kugeuza rangi ya Benedict, maana vitamini hiyo pia hutoa elektroni kwa urahisi.

3. Sukari ya chai haigeuzi Benedict hata ukiijaza kijiko. Glukosi na fruktosi ndani yake zimeshikana vichwa kwa vichwa, hakuna kichwa kilicho wazi. Mwalimu wa sayansi anaweza kuwaonyesha. Achemshe sukari hiyo kwanza na asidi nyepesi, kisha aiondoe asidi kwa magadi na atie Benedict. Sasa itakuwa nyekundu, kwa sababu zile mbili zimeachana.

Lakini asiseme mtu, "Basi sukari ya chai haina neno kwa mgonjwa." Utumbo wako nao huzitenganisha, tena upesi. Kipimo hakiioni, lakini damu itaiona.

WANYANG'ANYI WENGINE

Shaba haiko peke yake. Vioksidishaji vingine humjibisha huyu na kumwacha yule.

Fedha iliyoyeyushwa pamoja na amonia hufanana na shaba. Ikinyang'anya elektroni za glukosi, hubandika kwenye kioo na kung'aa. Njia ya namna hii imetumika viwandani kupaka vioo vya kujitazamia na sehemu ya ndani ya chupa za chai za themosi. Kwa hiyo chupa yako inayotunza chai moto huenda iling'arishwa kwa msaada wa sukari.

Maji ya bromini ni mpole na mchaguzi. Hayana soda ndani yake, kwa hiyo fruktosi haipati nafasi ya kujigeuza. Glukosi huyafanya yapoteze rangi, fruktosi huyaacha yalivyo. Asidi ya nitriki ni kali zaidi. Haishiki kichwa tu, hushika na mkia pia.

Pamanganeti, ile dawa ya zambarau inayouzwa kwa chemisti, ni kali pia. Msiichanganye kamwe ikiwa kavu na sukari, glisarini au vitu vingine vinavyoungua. Inaweza kuwaka moto. Iwekeni mbali na jiko na mbali na watoto.

NYUKI NA MASHINE YA SUKARI

Wanaofuga nyuki watafurahi hapa. Nyuki vibarua wana tezi kichwani zinazotoa kimeng'enya, yaani kitu kinachoharakisha kazi fulani bila chenyewe kuisha. Kimeng'enya hicho huchukua glukosi na oksijeni ya hewa, kikatoa asidi na dawa ya kuua vijidudu iitwayo haidrojeni peroksaidi. Hii ni sababu mojawapo asali kuwa na uchachu kidogo na kutooza upesi.

Ajabu ni kwamba kimeng'enya hiki kina uchaguzi mkubwa. Karibu hakigusi kitu kingine ila glukosi. Laktosi ya mama anayenyonyesha hakiitaki. Fruktosi ya embe hakiitaki. Ni kama ufunguo wa kufuli moja.

Wanasayansi walipokipata kimeng'enya cha aina hiyo kwenye ukungu, walikiweka kwenye vijiti vya kuchovya ndani ya mkojo. Vijiti hivyo vilianza kuuzwa katika miaka ya 1950. Glukosi ikiwapo, peroksaidi hutokea na kugeuza rangi ya kijiti. Mwaka 1962 Wamarekani Leland Clark na Champ Lyons wakaeleza jinsi ya kuunganisha kimeng'enya hicho na kipimo cha umeme. Mashine nyingi za leo zimetokana na wazo hilo. Elektroni zinazotoka kwenye glukosi ya tone lako la damu hupita kama umeme mdogo, na mashine huzihesabu na kukupa namba. Mashine nyingine hutumia kimeng'enya tofauti kidogo, lakini kazi ni ile ile.

Vijiti navyo vina udhaifu wake:

1. Mkojo ukiwekwa kwenye chupa iliyokuwa na dawa ya kung'arisha nguo kama vile Jik, na haikusuuzwa vizuri, kijiti cha mkojo kitasema sukari iko hata kama haiko. Dawa hiyo ni kioksidishaji. Inageuza rangi yenyewe bila kungoja glukosi.

2. Vitamini C nyingi hufanya kinyume chake. Kijiti cha mkojo kinaweza kusema haiko ilhali iko. Kumbukeni kwa Benedict ilisema iko ilhali haiko. Vitamini ni ile ile, ila waulizaji ni wawili.

3. Kopo la vijiti likiachwa wazi, unyevu wa hewa huharibu kimeng'enya. Funika mara tu unapotoa kijiti. Tazama tarehe ya mwisho.

4. Ukiwa umemenya embe, ndizi au chungwa, kisha ukatobolewa kidole bila kunawa, glukosi ya tunda iliyobaki kwenye ngozi itaingia katika tone la damu. Mashine itasoma juu sana. Kupangusa kwa spiriti peke yake hakutoshi. Nawa kwa maji na sabuni, kisha kausha mikono vizuri.

Hili la mwisho si dogo. Mtu anayedunga insulini akisoma namba ya uongo iliyo juu anaweza kuongeza dawa, sukari yake ikashuka mpaka akazimia.

KWA NINI MKOJO UNAWEZA KUNYAMAZA

Sasa turudi kwa yule mama. Figo ni kama ukingo wa bwawa. Huzuia glukosi isipotee na mkojo mpaka ipande kufikia kama 10 kwenye namba za mashine zinazotumika hapa Kenya. Ikipita hapo, ndipo humwagika kwenye mkojo. Watu wengine ukingo wao uko juu zaidi, wengine chini.

Lakini ugonjwa huanzia chini ya hapo. Mtu ambaye hajala kwa muda wa saa 8, akipata 7.0 au zaidi, anahesabiwa kuwa na kisukari, ikithibitishwa hospitalini. Kwa hiyo mtu mwenye 8 kila asubuhi anaweza kuwa na mkojo safi kabisa kwa kila kipimo, shaba au kijiti, huku macho, figo na mishipa ya miguu inaharibika polepole. Mkojo wa mama haukudanganya. Uliulizwa kama sukari imefurika, ukajibu haijafurika.

Aliyekwisha kula, akipata 11.1 au zaidi na ana dalili za kiu, kukojoa sana na kukonda, aende hospitali bila kungoja. Hata asiye na dalili, namba zikiwa juu, arudie kipimo kwa daktari.

Tena kuna dawa mpya za kisukari ambazo kazi yake hasa ni kutoa sukari kwa mkojo. Anayetumia dawa hizo mkojo wake utaonyesha sukari kila siku, na huenda damu yake iko sawa.

NA ASALI JE?

Maswali mawili huulizwa sana.

La kwanza: Benedict inaweza kutuonyesha asali iliyochanganywa na sukari? Haiwezi. Asali halisi yenyewe imejaa glukosi na fruktosi zenye vichwa wazi, kwa hiyo itakuwa nyekundu ikiwa safi na itakuwa nyekundu ikiwa imechanganywa. Atakayewauzia kipimo hicho kama cha kutambua asali, msimlipe.

La pili: Mgonjwa wa sukari anaweza kula asali kwa kuwa ni ya asili? Asali ni sukari. Inapandisha glukosi ya damu kama sukari nyingine. Kimeng'enya cha nyuki hakijaimaliza glukosi yake, kimegusa sehemu ndogo tu. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, maana inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli yake mpaka akashindwa kupumua.

Hata hivyo, kuna wakati ambapo asali na sukari huokoa mgonjwa. Mtu anayetumia dawa ya kisukari akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, na mashine inasoma chini ya 4, sukari imeshuka. Mpe haraka glukosi au sukari vijiko vitatu au vinne vya chai ndani ya maji, na umpime tena baada ya dakika 15. Ikiwa amezimia, usimmiminie kitu mdomoni. Mkimbize hospitali.

MAMBO YA KUFANYA KATIKA KIKUNDI

1. Sindano ya kutobolea ni ya mtu mmoja, mara moja tu. Msikubali kuchangia, hata mume na mke. Virusi vya ukimwi na vya homa ya ini hupita hapo.

2. Kabla ya kununua mashine kwa mchango wa kikundi, ulizeni kwanza bei ya vijiti vyake na kama vinapatikana karibu. Mashine hununuliwa mara moja, vijiti kila mwezi. Wengi wana mashine nzuri kabatini zisizo na vijiti.

3. Kila anayepimwa aandike kwenye daftari tarehe, saa, namba, na kama alikuwa amekula. Namba bila maelezo haimsaidii daktari.

4. Mtoto anayekonda ghafla, anayekunywa maji bila kukoma na kuanza kukojoa kitandani tena apimwe damu siku hiyo hiyo. Akitapika, akihema kwa nguvu au pumzi yake ikinuka kama matunda, hiyo ni hatari. Asipelekwe kwa maombi peke yake wala kwa mganga. Ombeni mkiwa njiani kwenda hospitali.

5. Msiache dawa kwa sababu namba moja ilikuwa nzuri. Namba nzuri huonyesha kwamba dawa inafanya kazi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu ni nani amewahi kupimwa mkojo tu, na hajawahi kupimwa damu?

2. Je, mtu akija kupimwa kidole mkutanoni, tunayo maji na sabuni ya kunawa?

3. Zahanati iliyo karibu hutumia kipimo gani? Nani atakwenda kuuliza na kutuletea habari mkutano ujao?

4. Tuna wazee wasioweza kufika mkutanoni. Nani atamwomba mhudumu wa afya awatembelee, na lini?

Andikeni majibu ya swali la nne kwenye kitabu cha mkutano, pamoja na majina, kabla hamjafunga kwa sala.